Jeshi la Wakorea sio dawa ya vijiwe vyetu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Mie ni kinyozi, nina saluni ndogo hapa Ngamiani huu mwaka wa kumi na nne, viti viwili na feni moja, na gazeti lenu naliweka pale kwenye benchi kila siku ili wateja wanaosubiri zamu wapate cha kusoma, kwa hiyo barua ile iliyotoka wiki mbili zilizopita sikuisoma mara moja tu, nimesomewa kwa sauti mara nne au tano na watu tofauti na kila mtu ana lake la kusema. Yule ndugu aliandika kwamba vijana wetu wa vijiweni wamelegea, wapelekwe jeshini wote kwa lazima miaka miwili kama wanavyofanya Wakorea wa Kusini, halafu akasema Korea Kusini imeendelea kwa sababu hiyo. Watu wengi pale kwenye benchi walimuunga mkono. Mie sikumuunga, na jambo hili limenikaa kifuani, naomba nafasi kidogo niseme.

Kwanza ieleweke silichukii jeshi hata kidogo. Baba yangu mdogo alikwenda vita ya Kagera, mpwa wangu amepita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, na kila mwaka ikifika mwezi wa tano wa sita mie ndo nawanyoa watoto waliomaliza form six wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, wanakuja na mama zao, na wapo kina mama wanaoanza kufuta machozi kabla hata sijawasha mashine. Naiheshimu kazi ile. Ninachokataa ni kuchukua msiba wa watu wengine tukaugeuza dawa ya kuwanyoosha watoto wetu.

Nasema msiba kwa sababu nilipata bahati ya kumjua mmoja wao. Mwaka 2023 alikuja kijana wa Kikorea hapa Tanga kujitolea, alikuwa anafundisha kompyuta, na kwa karibu mwaka mzima nywele alikuwa ananyoa kwangu. Siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti nilikuwa nimetoka kumnyoa mzee mmoja kipara, mashine bado haina kitana, nikaisogeza nyuma ya shingo yake nimsafishe tu zile za chini, yule kijana akanishika mkono. Hakunishika kwa nguvu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Kaka, sifuri hapana." Nikamwambia usiwe na wasiwasi, sikunyoi sifuri, akacheka kidogo akatoa simu akanionyesha picha. Yeye mwenyewe huyo, kichwa kinang'aa kama yai, amepiga magoti kwenye lami paji la uso limegusa chini, mbele yake kuna miguu ya watu wawili, viatu vya kiume na viatu vya kike. Akanambia hapo ni Nonsan, kwenye kambi kubwa ya mafunzo ya jeshi lao la nchi kavu, na hiyo ndo sujudu ya kuwaaga wazazi kabla ya kuingia getini.

Nikamuuliza mama alilia? Akasema pale getini hapana, alijikaza. Kumbe wakishaingia ndani wanavua nguo zote za nyumbani, suruali, viatu, koti, vinatiwa kwenye boksi na boksi linatumwa kwa posta hadi kwa wazazi. Siku lile boksi lilipofika ndo mama yake alilia, alikaa nalo sebuleni halifunguki, maana mtoto yuko hai na mzima lakini nguo zake zimerudi peke yake. Mie ni mzazi, Mhariri, nilizima mashine nikakaa kidogo kwenye kiti cha pili.

Sasa turudi kwa yule ndugu. Nataka aelewe wale watu wanaitwa jeshini kwa nini, maana ukisoma barua yake utadhani serikali yao ilikaa ikawaangalia vijana ikaona wavivu. Vita yao na ndugu zao wa Korea Kaskazini ilianza tarehe 25 Juni 1950 na ikasimamishwa tarehe 27 Julai 1953, na nasema ikasimamishwa, sikusema ikaisha, kwa sababu kilichosainiwa pale Panmunjom ni mkataba wa kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani haujawahi kusainiwa mpaka leo. Vita yetu ya Kagera ilianza 1978, 1979 ikawa imekwisha, baba mdogo akarudi na begi lake, akaoa, akalima machungwa Muheza mpaka anafariki. Ya kwao watu wana zaidi ya miaka 70 wanalala viatu viko miguuni. Katikati ya nchi zile mbili kuna ukanda wa urefu wa kilomita kama 250 na upana wa kilomita 4 umejaa mabomu ya kutegwa ardhini, na mji wao mkuu Seoul uko kama kilomita 50 tu kutoka hapo. Sisi Tanga mjini mpaka Horohoro ni kilomita 65! Yaani adui yao yuko karibu kuliko Kenya ilivyo karibu na sisi, na Horohoro sisi tunakwenda na khanga na baiskeli, tunavuka kwenda harusini Lunga Lunga tunarudi jioni, hakuna mtu anatulenga bunduki. Usipoiweka hiyo picha kichwani huwezi kulielewa jeshi la Wakorea hata ukilisifia vipi.

Na sio hadithi za kale. Januari 1968 makomandoo 31 wa Kaskazini walipenya mpaka karibu na ikulu ya Seoul kwenda kumuua Rais Park Chung-hee, wakazuiwa dakika za mwisho, na mwaka ule ule muda wa jeshi ukaongezwa ukafika miezi 36. Miaka mitatu ya ujana wa mtu. Baadaye ndo ukawa unapunguzwa kidogo kidogo hadi hapa ulipo leo, miezi 18 kwa jeshi la nchi kavu, 20 jeshi la maji, 21 jeshi la anga. Kwa hiyo mwandishi anapotuambia miaka miwili kama Wakorea, wenyewe wameshaipunguza wakati yeye anataka tuianze.

Utaratibu wenyewe uko hivi, kama alivyonieleza yule kijana na nilivyofuatilia mwenyewe baadae. Mwanaume akifika miaka 19 anaitwa kupimwa afya, anapewa daraja kuanzia la 1 mpaka la 7, wa juu wanakwenda jeshi lenyewe, wa daraja la 4 wanapelekwa kwenye kazi za huduma maofisini na sehemu nyingine za umma, wagonjwa sana wanaachwa. Wengi wanakwenda wakiwa chuo mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa kawaida hawatakiwi kupita miaka 28 hawajaenda. Ukimaliza hujamaliza, unabaki kwenye akiba miaka 8, unaitwa mazoezi. Wanawake hawalazimishwi, na hilo limezaa ugomvi mkubwa sana kati ya vijana wa kiume na wa kike kule, wa kiume wanaona wenzao wanatangulia kumaliza chuo na kuingia kazini wao wako porini wanafukua theluji.

Hiyo theluji ndo alikuwa anaisimulia kila siku. Sisi huku ikifika Julai upepo ukivuma kidogo tunavaa masweta, yeye alipangiwa milimani karibu na mpaka, baridi inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, lindo la saa nane usiku, bunduki ukiishika bila glavu mkono unaganda. Theluji ikianguka watoto duniani kote wanafurahi, lakini askari wa Kikorea wanaiita takataka zinazomwagwa kutoka angani, kwa sababu inabidi waizoe yote kwa koleo barabara ipitike, na ukimaliza upande huu ule ulioanzia umeshajaa tena. Wana msemo wao, kwamba saa ya wizara ya ulinzi hata ukiining'iniza kichwa chini miguu juu bado itatembea. Maana yake vumilia tu, siku zitakwisha. Nilimuuliza kwa hiyo ulijifunza nini kule, nikitegemea atasema nidhamu, ujasiri, kama tunavyosemaga sisi. Alifikiri sana, mpaka nikadhani hakunielewa. Akasema, "Kusubiri."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, ukiuangalia kwenye kichwa cha mwingine unauona mwepesi. Yule ndugu anaangalia gwaride, kombati zimenyooka, vijana wanakimbia pamoja, anaona raha. Haoni kwamba mwezi Aprili 2014 askari mmoja kijana kule alipigwa na askari wenzake kambini mpaka akafa, walimtesa kwa wiki kadhaa, nchi nzima ikasimama. Haoni ile habari ya wakubwa na wadogo, kwamba mtu aliyekutangulia kuingia kwa miezi michache tu anakuwa mungu wako. Haoni wale waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya imani, wengi wao Mashahidi wa Yehova, ambao kwa miaka na miaka walifungwa jela maelfu kwa maelfu mpaka mwaka 2018 mahakama yao ya katiba iliposema lazima wapewe njia nyingine, na hiyo njia nyingine waliyopewa ni kufanya kazi ndani ya magereza miezi 36, mara mbili ya wenzao.

Na kuhusu maendeleo, hapa ndo nilitamani tungekuwa wote pale benchi nimuulize uso kwa uso. Kama kuwapeleka vijana jeshini kwa lazima ndo kunaleta maendeleo, mbona Korea Kaskazini wanaume wanakaa jeshini kama miaka 10, watu wale wale, lugha ile ile, mababu wale wale, na tunajua hali zao zilivyo? Kusini waliendelea kwa shule, kwa viwanda, kwa kuuza meli na magari nje. Jeshi lilikuwa ni bili waliyokuwa wanailipa huku wanaendelea.

Vijana wangu pale saluni wao hoja yao ilikuwa Son Heung-min, wanamjua kwa mpira, wakasema mbona yeye hakwenda miezi 18. Ni kweli. Alisamehewa kwa sababu ya medali ya dhahabu ya michezo ya Asia mwaka 2018 kule Indonesia, sheria yao inasema dhahabu ya Asia au medali yoyote ya Olimpiki mtu anasamehewa, lakini hata yeye mwaka 2020 alikwenda wiki tatu mafunzo ya wanamaji pale kisiwa cha Jeju. Na dada mwenye saluni ya kina mama hapo jirani, huyo msimuulize habari za BTS, lile kundi la wanamuziki saba wa Kikorea, alikuwa anazo tarehe zote kama za siku za kuzaliwa wanawe, mmoja wao Jin ameingia 13 Desemba 2022, ametoka 12 Juni 2024, na mwezi Juni 2025 wote saba wakawa wamemaliza. Watu maarufu dunia nzima, wanaoingizia nchi hela isiyohesabika, na walinyolewa wakaenda. Hili nalisifia kwa moyo mweupe. Kule mtoto wa tajiri akikwepa watu wanasimama juu, kuna mwanamuziki mmoja mkubwa, Yoo Seung-jun, mwaka 2002 alichukua uraia wa Marekani wakati wa kwenda jeshini umefika, na tangu hapo amezuiwa kuingia nchini kwao, kesi haziishi. Sasa ndugu yangu niambie ukweli, hii lazima unayoitaka wewe, ingewakuta watoto wa wakubwa, au ingeishia kwa hawa wa Ngamiani na Mabawa na Duga wanaoshinda kijiweni kwa sababu hawana pa kwenda?

Kingine ambacho barua ile haikukisema kabisa ni malipo. Wakorea walipigiana kelele miaka mingi kwamba kijana analitumikia taifa kwa pesa ya vocha. Mwaka 2017 sajenti wa lazima alikuwa analipwa won 216,000, pesa ya kwao, kwa mwezi, mwaka 2025 ikafika won milioni 1 na nusu, ukibadilisha ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, na bado iko chini ya kima cha chini cha mshahara cha kwao. Simu nazo zilikuwa marufuku, kuanzia Julai 2020 wakaruhusiwa rasmi kuzitumia baada ya kazi, mtu anaongea na mama yake kila jioni. Hayo yote hayakushuka tu kutoka juu, wazazi walisema, magazeti yaliandika, vijana wenyewe walisema. Na chuo kinakusubiri. Unaandika ruhusa, unakwenda, unarudi unakaa kwenye dawati lako. Yule kijana alirudi akaendelea na mwaka wa pili palepale alipoishia.

Hapo kwenye kusubiriwa ndo penye kidonda changu na ndo sababu hasa ya barua hii. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na kazi kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini, kazi ya kupakia na kuhesabu mzigo, na bosi alimpenda. Akapata nafasi ya kwenda JKT kujitolea miaka miwili, akaenda kumuaga bosi, bosi akampa mkono mbele yangu, "Nenda kijana, ukirudi nafasi yako ipo." Dogo akaenda. Amelima, amejenga, amekimbia mchakamchaka alfajiri, amejifunza ufundi wa bomba. Miaka miwili imekwisha karudi, mweusi, mkakamavu, akaja kwangu kwanza nimtengeneze nywele, akavaa shati jeupe, akachukua cheti chake ndani ya bahasha ya kaki akaenda dukani.

Alirudi haijapita nusu saa. Bahasha bado iko mkononi, haikufunguliwa. Nikamuuliza vipi, akasema, "Mjomba, hata jina langu wamelisahau." Kwenye nafasi yake kuna mtu mwingine, na bosi alimwambia asubiri, akipata atampigia. Huu ni mwaka wa pili hajapiga. Mie simlaumu aliyemfundisha kule kambini, alirudi kijana bora kuliko alivyokwenda, wallahi namwona. Wa kulaumiwa ni sisi tuliobaki huku. Leo anashinda kijiweni, kile kile ambacho yule ndugu anasema dawa yake ni jeshi. Jeshi ameshakwenda! Na kila asubuhi anaamka saa kumi na moja kwa mazoea, anafagia mbele ya saluni yangu kabla sijafika, halafu hana cha kufanya mpaka magharibi.

JKT yetu ilianzishwa Julai 1963 na jina lake lenyewe linasema kazi yake, kujenga taifa. Mpango wa lazima ulisimama 1994, ukarudi 2013 kwa watoto wa form six, miezi mitatu, na mie naona unatosha kwa nchi ambayo haina vita mlangoni. Kama kuna mtu bado anataka tuige Korea, basi tuanze na vile visivyoonekana kwenye gwaride. Mwajiri aliyemwachia kijana akatumikie taifa amrudishie nafasi yake, iandikwe kwenye karatasi isiwe maneno ya mdomo na mkono wa kuagana. Cheti cha kambini kikifika mezani kwenye ofisi yoyote kifunguliwe kisomwe. Na kama ni lazima basi iwe lazima kwa kila mtu, wa Raskazone kwa wakubwa na wa Ngamiani wapange foleni moja ya kunyolewa, mie nitawanyoa wote bure siku hiyo, naahidi mbele ya wasomaji.

Yule kijana wa Kikorea aliondoka mwanzoni mwa 2024. Alipokuja kuaga alimkuta mpwa wangu pale nje na fagio, wakaongea muda mrefu, mmoja Kiswahili cha kubahatisha mwingine Kiingereza cha kubahatisha, baadae nikawaona wanaonyeshana kwa mikono jinsi kila mmoja alivyofundishwa kupiga saluti, ya huyu na ya yule hazifanani. Kabla hajaondoka aliniuliza huyu anafanya kazi wapi. Nikamwambia bado anatafuta. Akauliza tena, akidhani hakunielewa, "Lakini si amemaliza jeshi?"

Namwomba yule ndugu aliyeandika, kama yuko hapa Tanga au akipita Tanga, aje Ngamiani aulizie kinyozi mwenye benchi la magazeti ataonyeshwa. Simwiti kwa shari. Aje asubuhi mapema, mpwa wangu anakuwepo, akae nae amuulize mwenyewe.

Wenu,
Kinyozi, Ngamiani, Tanga